Sauda Amekataa Kijiko

Gatsata, Kigali

Kwako mama yangu,

Shikamoo mama. Kabla ya yote nataka kujua magoti yako yanaendeleaje na baridi ya mvua hizi, na kama yale mafuta ya kuchua niliyompa shangazi yalikufikia. Na baba je, kifua kimetulia au bado anakohoa alfajiri? Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Yusufu anaamka, anakwenda gereji, anarudi jioni na rangi za magari ya watu kwenye nywele. Mimi mwili ni mzima.

Ya Sauda ndiyo yaliyonikalisha chini niandike. Kwenye simu nimekuwa nikikupa maneno nusu nusu, nawe ukaniuliza, "Mariamu, mbona unanong'ona?" Nilinong'ona kwa sababu mama mkwe alikuwa chumba kimoja nami, na mambo yenyewe yalimhusu. Sasa dereva mmoja wa mtaani kwetu anashuka Kigoma na lori lake, amekubali kukuletea barua hii mkononi. Kaa kitako, umwite Zuhura akusomee polepole. Usishtuke katikati, mtoto yu hai.

Wajua alivyoanza vizuri alipokuwa ananyonya. Lakini tangu aonje maziwa ya ng'ombe na ndizi mbivu, kitu kingine chochote kwake ni sumu. Ameshatimiza mwaka, anatembea kwa kushika ukuta, na mdomo wake una mlango na kufuli. Maharage anatema. Dodo, yaani mchicha wa huku, akiuona tu anageuza uso. Yai analifumbia mdomo mpaka kidevu kinatetemeka. Nyama niliisaga, samaki nilimchambua miiba yote, nikavificha ndani ya viazi vilivyopondwa. Ulimi wake ulivitafuta, ukavisukuma nje, viazi akameza. Basi ni maziwa, kikombe juu ya kikombe. Watu waliona mashavu wakasifu. Mimi niliona viganja vinavyopauka, na jinsi anavyokaa chini upesi akicheza na wenzake, kama mzee aliyetoka kupanda mlima.

Mimi nashinda Gisimenti, nashona aproni na sare za wahudumu wa baa na migahawa. Anayebaki na mtoto ni mama mkwe. Nisimsingizie, anampenda. Anambeba mgongoni hata pasipo haja, anamwimbia za Kinyarwanda mpaka analala. Lakini habari ya kula ilikuwa imemshika kama homa. Kila nikirudi ananiambia, "Mama Sauda, leo amekula yote," nami nashukuru, huku nikijiuliza mbona mtoto anaanza kulia akiona bakuli hata halijawekwa chini.

Siku moja umeme ulikatika Gisimenti, cherehani zikanyamaza, tajiri akaturuhusu kuondoka mapema. Nilipofika uani nikasikia Sauda analia, ila si kilio ninachokijua. Kilikuwa kinaingia ndani badala ya kutoka. Nikasukuma mlango. Mama mkwe alikuwa ameketi mkekani, kambana mtoto kati ya mapaja, mkono mmoja umemziba pua, mwingine unamimina kwa kijiko yai lililopondwa na dodo kila mdomo ulipofunguka kutafuta hewa. Kabla sijasema neno, kilio kikakatika. Kimya, mama. Macho ya mtoto yalikuwa yananitazama mimi, na midomo yake ikageuka rangi ya majivu.

Sijui nilivukaje kile chumba. Nilimpokonya, nikamlaza kifudifudi juu ya mkono wangu, kichwa chini, kama walivyotuonyesha kituo cha afya, nikampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Hakuna kitu. Nikapiga tena. Nyuma yangu nilimsikia mama mkwe akimwita Mungu kwa Kinyarwanda, "Mana yanjye, Mana yanjye." Nikapiga tena, ndipo donge la kiini cha yai likadondoka sakafuni, na mtoto akavuta pumzi kwa mlio ambao hata sasa nikikaa peke yangu nausikia.

Nilipohakikisha anapumua nikamgeukia mama wa mume wangu, mtu aliyenipokea nchi ya ugenini kama binti yake, nikamwambia bila hata kumwita mama:

"Usimguse mwanangu tena."

Alifuta sakafu, akakunja mkeka, akachukua kitenge chake na mfuko mdogo, akaenda kwa wifi yangu Busanza.

Yusufu aliporudi alikuwa ameshapigiwa simu na dada yake. Alisema nimemfukuza mama yake. Nikamjibu nimemtoa mtoto wake mikononi mwa mama yake akiwa hapumui. Alikwaruza rangi kwenye kucha, kisha akasema mama yake amelea watoto wote kwa njia hiyo na wako hai. Mama, unajua Yusufu si mtu wa kelele. Ni afadhali angepiga kelele. Tulikaa nyumba moja siku zile kama wapangaji wawili.

Na Sauda ndiyo kwanza akafunga mdomo kabisa. Awali alikuwa anakataa chakula. Sasa alikataa kijiko chenyewe. Nilimpa kitupu achezee, akakitupa, akatambaa hadi nyuma ya mlango akajikunyata. Nikambeba kwenda kituo cha afya. Muuguzi alimtoboa kidole, akamvalisha ule utepe wa kupimia mkono, ukasimama kwenye manjano, rangi ya kuonya. Akanieleza kwamba damu iko chini, kwamba maziwa mengi yanamjaza tumbo yakamnyima njaa ya vyakula vya kuongeza damu. Akanipa dawa ya maji. Akaniagiza nipunguze maziwa, na yaje baada ya chakula, si kabla. Mtoto akae na wakubwa wanapokula, awekewe kidogo kidogo kilicho laini, akishike mwenyewe, akichafue, na asilazimishwe hata mara moja. Nikamuuliza, na asipokula? Akasema, "Mlete tumpime. Akiwa ameshuka tena tutampeleka hospitali alazwe." Alisema kwa upole, lakini neno lile la hospitali nilitembea nalo hadi nyumbani.

Ndiyo siku uliyopiga simu ukaniambia nimlete Ujiji umlishe mwenyewe. Nilikaribia kukubali. Lakini safari ile ndefu na mtoto ambaye damu yake iko chini niliiogopa, na niliogopa zaidi kwamba ningemtoa Yusufu moyoni mwangu siku ile ile nikipanda gari. Ndiyo maana nilikujibu kwa mkato. Usinifikirie vibaya.

Niliomba ruhusa kazini nikabaki naye nyumbani. Mama, kumnyima maziwa mtoto anayelia kwa njaa, na chakula kipo mbele yake, ni adhabu kwa mama kuliko kwa mtoto. Nilikuwa nimeponda maharage nikayatia mawese, laini kama uji, yananukia. Akafumba. Nikabembeleza, nikaimba, akafumba. Kilio chake kikanipanda kichwani. Mara nikauona mkono wangu wa kushoto umemshika taya, vidole vinabana mashavu mdomo ufunguke. Sikumbuki uliondoka lini kwangu ukaenda pale. Nilimwachia, nikamweka chini, nikatoka uani kusimama.

Kesho yake nikamfunga mgongoni tukaenda Busanza.

Mama mkwe alikuwa barazani kwa wifi anachambua maharage. Nilipiga magoti nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Nikamwambia, "Mama, jana mkono wangu ulitaka kufanya kama wako." Akaacha kuchambua. Kiswahili chake unakikumbuka, amekichanganya na Kinyarwanda, lakini siku hiyo alizungumza polepole na sikupoteza neno.

"Mimi nilikuwa na mutoto, Hadija," alisema. "Yusufu hakumuona, alikuwa hajazaliwa. Tulikuwa njiani, tunakimbia. Huyo mutoto alikataa kula. Watu wakaniambia, muache, njaa itamufundisha. Nilimuacha." Akaokota jiwe kwenye ungo akalitupa. "Hiyo njaa haikumufundisha kitu."

Yusufu hakuwahi kunitajia dada huyo, na baadaye niligundua hata yeye alikuwa hajui jina lake. Mama mkwe akaendelea, "Sauda iko anafunga mdomo, mimi sioni Sauda."

Nikamweleza maneno ya muuguzi, yote. Akaniuliza kama mimi nayaamini. Nikamwambia naogopa kama yeye, lakini kwa nguvu mtoto alikaribia kutuponyoka, kwa hiyo njia ile tumeshaona mwisho wake. Akarudi kuchambua maharage yake. Sikumbembeleza arudi. Alikuja mwenyewe baada ya siku chache, akasimama mlangoni na mfuko wake mpaka nilipomwambia karibu mama. Sauda alipomwona akajificha nyuma ya sketi yangu. Mama mkwe aliliona hilo, akaenda kukaa kona ya mbali.

Tukaanza. Mchana na jioni sinia moja mkekani, wote tunakula kwa mikono, kijiko hakionekani. Viazi vitamu, maharage, dodo, na sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, niliowachemsha mpaka wakalegea. Sauda kawekewa kibakuli chake. Tulikubaliana hakuna kumtazama wala kumsema. Hapo ndipo nilipomjua mama mkwe. Alikuwa ameificha mikono yake chini ya kitenge, nami niliona kitenge kinavyotikisika. Sauda alimwaga, alipaka mkeka, alipaka nywele. Yusufu akanung'unika kwamba tunatupa chakula. Mtoto alilia maziwa hadi jirani akaja kuuliza kama anaumwa. Mashavu yakaanza kushuka. Kila asubuhi nilipomvisha niliona mbavu, na nilisema moyoni, Mariamu, unaua mtoto kwa maneno ya muuguzi.

Jioni moja tunakula, Yusufu anasimulia habari za gari lililogongwa. Sauda akaokota punje moja ya haragwe. Akaiminya hadi ikapasuka. Akalamba kidole. Yusufu aliendelea kusimulia, lakini sauti ilibadilika, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anasikiliza habari ya gari. Sauda akaokota nyingine, hiyo ikaingia mdomoni, ikakaa, ikapita. Mama mkwe alikuwa ameuma upindo wa kitenge kama mtu anayezuia maumivu.

Siku zilizofuata kuna aliyokula na kuna aliyotupa yote. Sambaza aliwapenda kuliko sote tulivyotegemea, na dodo linaingia kwa kuwa limewanasa samaki. Yai bado ni adui, nami silileti karibu.

Siku ya kupima, Yusufu aliomba ruhusa gereji akaja nasi. Nilimweka Sauda kwenye mizani nikaangalia ukuta. Muuguzi akasema amepanda, kidogo, lakini amepanda, na damu nayo inapanda. Utepe bado uko kwenye manjano, kwa hiyo dawa inaendelea na tutarudi tena. Hospitali kwa sasa basi. Yusufu alitoka nje akakaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa kofia yake ya gereji.

Na jana mchana, mama, limetokea jambo. Tuko mkekani. Sauda, ambaye tangu siku ile alikuwa hasogei karibu na bibi yake, akasimama, akajikongoja kuzunguka sinia, haragwe limesagika kwenye ngumi. Akafika kwa mama mkwe, akafungua ngumi, akamsukumia midomoni. Mama mkwe akanitazama kama anayeomba ruhusa. Kisha akafungua mdomo. Alitafuna taratibu, machozi yanamchirizika, wala hakuyafuta kwa sababu hakutaka kumtisha mtoto. Sauda akamkagua mdomo kuhakikisha amemeza, akarudi kwenye kibakuli kumchukulia jingine.

Nisalimie baba, mwambie asitoke alfajiri bila kofia. Msalimie mama mdogo na wanawe, na kaka Rashidi na wifi aliyejifungua. Mwambie wifi asije akamziba mtoto pua, hata akishauriwa na nani. Bibi mbusu mikono yote miwili. Zuhura ahsante kwa kusoma, na kama umelia hapo juu, futa macho kabla mama hajauliza. Yusufu anakuamkia. Mama mkwe anakusalimu sana. Ameniambia nisikufiche lolote, hata lake. Tuombeeni dua.

Wako akupendaye,
Mariamu, mama yake Sauda