Sikukondeshwa na Eda

Jumatano, Msambweni. Mvua inanyesha tangu alfajiri na nguo zangu zinalowa kambani. Leo sina haja nazo.

Nimetoka Bodo, kwa mke mwenzangu Mwanasha. Tangu mume wetu Hamisi amwoe niliapa sitakanyaga kizingiti chake. Haya, nimekanyaga.

Mnaonisoma humu mtandaoni mmenizoea kwa mapishi. Leo hakuna pishi.

Hamisi alipofariki kwa maradhi ya kifua, sote wawili tulikaa eda, mimi kwangu, yeye kwake. Miezi minne na siku zake kumi, ndani, bila hina wala manukato. Haukupita muda nikaanza kukonda. Homa za jioni, kinywa kimejaa utando mweupe, chakula hakipiti. Wanawake waliokuja kunitazama walisikitika wakisema, "Maskini, majonzi yamemla. Huyu alimpenda mumewe."

Nami nikavimba kichwa.

Naona haya kuliandika hili. Nilikuwa nikiulizia habari za Bodo, na nikiambiwa Mwanasha ananawiri, mashavu yamejaa, nilijiona mshindi. Nilisema mbele za watu kwamba mwenye kupenda hukonda, na asiyependa hunenepa kwa wali wa matanga. Watu wakacheka. Kila dera lililonipwaya nililihesabu kuwa ushahidi wangu juu yake.

Riziki, kitinda mimba wangu, alinisihi sana twende hospitali. Nilimjibu kwamba mwanamke wa eda hatoki. Baadaye mke wa ustadhi akanieleza kuwa mgonjwa hutoka akatibiwa, na dini haijamkataza hata siku moja. Pingu nilijitia mwenyewe.

Siku niliyotoka eda nilianguka bafuni. Daktari aliniuliza mara ya mwisho nilipimwa lini virusi vya ukimwi. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: nilipokuwa na mimba ya Riziki. Akanitazama, kisha akamtazama Riziki mwenyewe, msichana mzima mwenye kitambulisho chake, amesimama pale amenishikia mkoba.

Kipimo cha mimba moja nilikifanya cha maisha.

Sasa natumia dawa, alhamdulillahi, na mwili unarudi. Jicho la kushoto, lililoanza kuingia ukungu nikiwa edani, halirudi. Daktari alisema lau ningefika mapema huenda lingeokoka. Neno hilo nalala nalo na kuamka nalo. Nililipoteza nikiwa nimekaa kitandani kwangu, nasifiwa.

Leo ndiyo mara ya kwanza nimeweza kupanda boda hadi Bodo. Mwanasha alinikaribisha, akanipa kiti, akakaa mkao wa mtu anayesubiri matusi. Sikuwa na haki ya kumlaumu kwa hilo.

"Mwenzangu," nikamwambia, "mimi sikukonda kwa mapenzi. Nilikuwa mgonjwa, nina virusi. Huenda na wewe unavyo. Nenda ukapime."

Alijitazama mikono mpaka mabegani. Kisha akasema, "Lakini mimi sijambo, dada. Si unauona mwili wangu?"

Niliuona. Wanawake wa huku tuna balaa: mmoja akikonda ni mapenzi, mwingine akinenepa ni afya, na hakuna anayekwenda kuuliza damu yenyewe inasemaje. Nikamwambia kwamba hata mimi, wiki tuliyomzika Hamisi, nilikuwa sijambo. Nikamwonyesha jicho.

Hapo ndipo alipolia. Nami nikalia, na sikumlilia marehemu. Nilikuwa nikizililia zile siku zote nilizokaa nikishindana kukonda na mtu ambaye hata hakujua kuna mashindano.

Alipotulia akauliza kama wanachoma sana. Nikamwambia ni kidoleni tu, mwiba wa samaki unauma zaidi.

"Basi nitakwenda," akasema. "Lakini tufuatane."

Kesho asubuhi tutakaa benchi moja, wake wawili wa mtu mmoja, na Msambweni nzima ina macho. Watazame. Mimi nimebaki na moja, na nimekwisha kuona nililopaswa kuona zamani.

Ya Rabi, mwepushie Mwanasha. Na kama virusi vimo, basi vikutwe mapema, angali mnene vile vile nilivyokuwa nikimcheka.