Mama wa Kwenye Cheti

Jumanne, 8 Julai

Nimekamua. Maziwa kidogo, ng'ombe naye anahisi baridi. Nimekata mgomba, nimefagia banda, nimechemsha maziwa, na Nasieku bado amelala. Saa mbili na nusu. Miaka minne anauguza wazee wa watu huko Ujerumani bila kuchelewa, akifika Lemara analala kama mgonjwa. Alipoamka alikuja jikoni na soksi mbilimbili kila mguu, moja juu ya nyingine, ati baridi ya hapa imezidi ya Ulaya. Nikamwambia hiyo ni dharau kwa nchi yake. Akacheka.

Ni mjukuu wangu lakini ananiita Mama. Nilimfundisha mwenyewe, tangu anaanza kusema.

Baada ya chai akatoa bahasha. Anaomba ukaazi wa kudumu huko, ule wa watu wenye ujuzi wao. Ruhusa aliyonayo inakwisha mwezi wa tisa na inamfunga hospitali moja kama mbuzi kwenye kigingi. Akipata ya kudumu atahama. Kuna hospitali ya watoto mji mwingine imemwahidi kazi, na watoto ndio aliowataka tangu mwanzo. Lazima afike ofisini mwenyewe tarehe moja Agosti, karatasi halisi mkononi. Hawapokei kwa posta. Hawapokei nakala.

Nikasema karatasi zipo sandukuni zote, hakuna iliyoliwa na panya. Akasema ndiyo zipo, ila hazikubaliani. Cheti cha kuzaliwa kinasema mama ni mimi. Cheti cha ubatizo kinasema mama ni Martha. Wameshaziona zote mbili, wanauliza ni yupi.

Nikainuka kwenda kuwapa kuku chakula. Walikuwa wameshakula.

Jumatano, 9 Julai

Niandike, maana kwa mdomo sitasema.

Martha ni binti yangu wa kwanza. Alipata mimba akiwa kidato cha pili. Mwanaume hajamtaja mpaka leo. Kwetu Waarusha binti akizalia nyumbani, mtoto ni wa baba yake huyo binti. Anapewa jina la boma, anakua na wajomba zake kama ndugu. Ndivyo ilivyo na sina aibu nayo. Mume wangu, marehemu, alisema huyu mtoto ni wetu. Alisema sawa. Mtoto hakukosa baba.

Lakini mila haikusema Martha afutwe. Hilo nililifanya mimi. Nilikwenda kuandikisha cheti, karani akauliza dirishani mama wa mtoto ni nani. Nikasema ni mimi. Sikufikiri hata. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, ningeweza kuwa. Nilitaka watu wa kanisani wafunge midomo. Martha alikuwa amesimama nyuma yangu, mtoto yuko mgongoni kwake.

Mchungaji ndiye aliyekataa kuandika uongo. Nilimnunia mwaka mzima.

Nasieku nikamfundisha amwite Martha dada. Martha alivumilia miaka mitatu, kisha akaondoka, akaolewa Oldonyo Sambu. Harusini sikwenda. Tulipohamia huku Lemara majirani wakaniita Mama Nasieku. Nikaitika.

Nasieku alijua mwaka wa kipaimara, alipoishika karatasi ya ubatizo kwa mikono yake. Akaendelea kuniita Mama. Nikadhani yameisha.

Alhamisi, 10 Julai

Wakili yuko Engutoto, ghorofani, juu ya duka la rangi. Ngazi za kuua mtu mwenye mguu mbovu kama wangu. Kijana mdogo, ananiambia mambo polepole kama naumwa masikio. Cheti kinaweza kusahihishwa. Ila mama aliyezaa aje mwenyewe aape, na mimi nije mwenyewe niape kwamba nilitoa taarifa isiyo sahihi. Ndivyo alivyouita. Mimi najua unaitwa uongo.

Nikamwambia aandike kwamba Martha amekufa.

Nimeandika hapa kama nilivyosema.

Wakili akaweka kalamu chini. Nasieku akageuka. "Mama, dada Martha yuko hai. Naongea naye kila Jumapili."

Kila Jumapili. Miaka minne. Na mimi kila Jumapili napiga, simu inatumika, nasema masikini mtoto, hata siku ya Bwana wanamtuma kazi.

Tumeshuka zile ngazi, yeye mbele, mimi nyuma nimeshika ukuta.

Jumamosi, 12 Julai

Nasieku amekwenda Oldonyo Sambu peke yake. Amerudi na vumbi mpaka kwenye kope. Martha amekubali kuapa. Ana sharti moja. Nikamwombe mimi, kwa mdomo wangu, nyumbani kwake. Hataki simu. Hataki mtu wa kati, hata mzee wa kanisa.

Nimwombe mtoto niliyemzaa.

Nimesema siendi.

Jumapili, 13 Julai

Kwaya imeimba vibaya. Sauti ya nne walikuwa wawili na mmoja ana mafua. Mahubiri sikuyasikia. Mama mmoja akaniuliza nje, mwanao anarudi lini Ulaya? Nikamjibu akaulize ndege. Siyo kosa lake.

Jumatatu, 14 Julai

Manyunyu. Mlima umejifunika siku ya tatu. Siendi.

Jumanne, 15 Julai

Nasieku amenihesabia siku kwenye kalenda ya ukutani, kwa kidole. Ofisi ya vizazi inachukua siku nane za kazi kutoa cheti. Ndege yake ni Jumapili tarehe ishirini na saba. Nikamwambia aache kunihesabia, mimi si mtoto wa chekechea.

"Najua si mtoto," akasema. "Mtoto angeshakwenda."

Hakuna aliyewahi kunijibu hivyo ndani ya nyumba hii. Marehemu mwenyewe hakuthubutu. Nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumatano, 16 Julai

Nakiri hapa, hakuna anayesoma. Si kiburi peke yake. Leo nimeziangalia zile siku kwenye kalenda, nikaona zinakaribia kutotosha, na moyo wangu ukafurahi. Nikasema akikosa atarudi. Chumba chake kipo. Hospitali hata hapa zipo. Tutakunywa chai pamoja asubuhi nimkaripie soksi zake.

Nimefurahia hasara ya mtoto. Roho yangu ndiyo hiyo.

Alhamisi, 17 Julai

Nasieku amezirudisha karatasi zote kwenye bahasha, akaifunga. Akasema basi, Mama, nimeacha. Hakulia. Angelia ningemkemea, ningejua la kufanya.

Nimetoa gauni la kitenge, nimelipiga pasi. Kesho nakwenda.

Ijumaa, 18 Julai

Nimekwenda.

Nasieku alinisindikiza. Nilibeba sukari na majani ya chai. Siingii kwa mtu mikono mitupu, hata kwa niliyemkosea. Kule nyuma ya mlima ni upepo mtupu, mahindi yao mafupi, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Mlima wenyewe ukiuona kutokea kule huufahamu. Kama mtu unayemjua amekupa mgongo.

Martha alikuwa uani anapura maharage. Amenenepa. Nywele za mbele nyeupe. Binti yangu ana mvi na mimi sikuziona zikianza.

Kwetu mdogo anainamisha kichwa, mkubwa anamgusa utosini. Nilishainua mkono. Yeye akanyoosha wake, akanishika kiganja kama anamsalimia bwana shamba. "Shikamoo." Mkono wangu ule mwingine sikujua niuweke wapi.

Nikasema nimekuja kuomba. Akauliza naomba nini. Nikasema cheti.

Akasema hapana, cheti ni shida ya Nasieku na atamsaidia Nasieku. "Wewe sema ulichosema pale dirishani."

Nasieku alikuwa amesimama hapo hapo. Nilitaka aondoke. Hakuondoka.

"Nilisema mama ni mimi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Nyuma yangu."

"Na mtoto?"

"Mgongoni kwako."

"Alikuwa analia," Martha akasema. "Nilimshusha nikamnyonyesha palepale kwenye foleni. Karani aliniona namnyonyesha. Akaandika ulivyomwambia."

Hilo nilikuwa nimelisahau. Au nililitupa mwenyewe, sijui.

Nikasema nisamehe. Sikumbuki mara ya mwisho nililitumia wapi neno hilo. Lilitoka kavu. Martha akaendelea kupura, fimbo inapanda inashuka, maganda yanaruka mpaka kwenye gauni langu. Tulisimama kama watu waliokuja kununua. Mwisho akasema Jumatatu atakuja mjini.

"Nakuja kwa ajili yake. Usije ukajidanganya."

Sukari aliipokea.

Jumatatu, 21 Julai

Tumeapa. Wakili aliniletea wino wa dole gumba. Nikausukuma pembeni, nikaandika jina langu lote, herufi moja moja. Sikusoma elimu ya watu wazima bure.

Martha akaandika lake chini ya langu. Mwandiko wake mzuri, umelala wote upande mmoja, kama wa mwalimu. Alikuwa akishika namba moja darasani. Baada ya kujifungua alikuja mwalimu wake mmoja kusema kuna masomo ya jioni mjini, watampokea. Nilimfukuza yule mwalimu. Nilimwambia atafute wa kwake wa kumharibu. Leo nimeona saini moja tu nikakumbuka yote.

Kutoka hapo tukaenda ofisi ya vizazi. Karani ni mwingine, msichana mpole. Alipolishika faili akaita, "Mama mzazi wa Nasieku asogee."

Nikasimama. Miguu ilikwenda yenyewe. Martha akanipita, akaenda dirishani. Nikarudi kukaa. Kila mtu kwenye benchi aliona.

Karani akasema siku nane za kazi, Alhamisi tarehe thelathini na moja. Nasieku akamweleza safari yake, akamwomba. Yule msichana akamwonesha mafaili yaliyotangulia, rundo, kila moja na mtu wake mwenye haraka. Akasema kwa upole tu, mngeleta Jumatatu iliyopita, mngechukua Alhamisi hii.

Jumatatu iliyopita ndiyo ile ya manyunyu. Nilikaa jikoni nakunywa chai.

Hawakuniangalia, wote wawili. Heri wangeniangalia.

Alhamisi, 24 Julai

Leo ndiyo kingetoka.

Jumapili, 27 Julai

Ameondoka. Uwanja wa ndege una upepo. Martha alikuja kutoka kwake akafika kabla yetu, amebeba maharage kwenye mfuko, Nasieku akayatia kwenye begi pamoja na kahawa yangu. Wakakumbatiana muda mrefu. Wanafanana mabega. Miaka yote hii nimewaambia watu anafanana na mimi.

Kwangu alikuja mwisho. Akainamisha kichwa, nikamgusa. Akasema, "Haya, baki salama." Huwa anasema haya Mama, baki salama. Labda ni haraka ya safari. Si haraka.

Ana kiapo chetu na risiti ya cheti. Anasema atajaribu nazo hizo.

Ijumaa, 1 Agosti

Amepiga saa nane mchana. Alifika mwenyewe, akakaa mbele ya afisa, akatoa kila kitu. Afisa akasoma tafsiri ya kiapo, akamrudishia. Wanataka cheti kipya chenyewe. Miadi mingine iliyopo ni mwezi wa kumi na mbili. Kwa sasa watamwongezea ruhusa ileile ya zamani, hospitali ileile, wazee walewale. Hospitali ya watoto imesema haiwezi kungoja mpaka huko. Wamemchukua mwingine.

Cheti kimetoka jana. Martha alikwenda kukichukua asubuhi. Kipo, kizuri, na bahari iko katikati.

Alinieleza yote kwa sauti ya muuguzi anayekabidhi zamu. Nikamwambia sababu ni mimi. Nilitaka aseme hapana.

Akasema, "Ndiyo."

Kisha akasema anaingia kazini.

Jumanne, 5 Agosti

Martha amekuja na cheti. Kesho anakipeleka kwa watu wa kutuma vifurushi, kiwe huko mapema, kisije kikakosekana tena. Angeweza kupitiliza mjini. Hakupitiliza. Sikumuuliza kwa nini.

Nimekisoma. Mama ni yeye, jina lake lote. Mahali pa baba wameweka mstari. Jina la boma limebaki kwa mtoto. Kile cha zamani wamekichukua, hawarudishi. Nimekisoma mara mbili, nikamrudishia, akakifunga kwenye kanga.

Hatukuwa na mengi. Akaulizia mguu wangu. Nikaulizia mbuzi wake. Nilitaka kumwambia amekonda usoni ingawa mwili umenenepa, na kwamba viatu vile si vya mwendo mrefu. Nikayameza.

Nikamuuliza kama amekula. Akasema ndiyo, amekula mjini. Hakuwa amekula. Huyu nimemzaa mimi, sura yake ya njaa naijua. Sikubishana naye. Nikapakua loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, nikaweka bakuli karibu na mkono wake, nikatoka nje, ili ale bila mtu wa kumtazama.