Wasomaji wa Stela

Jumanne, 17 Septemba 2024

Leo nimeweka maneno matatu juu ya hadithi: KISA CHA KWELI. Basi! Wamejaa kama nzige.

Wiki mbili nzima "Miguu ya Stela" imekaa kwenye ukurasa wangu wa Facebook inapigwa jua. Aliyekuwa akiipenda ni binamu yangu Aliko tu, naye hupenda kila kitu, hata matangazo ya msiba. Sasa watu wanagombana. Stela anacheza klabu, Nakonde, ng'ambo ya mpaka hapo tu, Zambia. Mteja kakutwa amekufa chumba cha gesti. Stela kamwona muuaji. Na muuaji kila Jumamosi anakaa meza ya mbele, anaagiza soda, anamtazama akicheza. Ni nani? Hata mimi sijaamua.

Hakuna anayejua kuwa Mtunzi wa Mpakani ni mimi. Mama akiniona nimeinamia simu dukani anadhani natafuta mchumba. Aendelee kudhani hivyo.

Ijumaa, 20 Septemba 2024

Judith, anayeuza sufuria duka la jirani, simu yake imepasuka kioo. Kanijia nimsomee "ile ya Stela" kwenye yangu. Mimi! Nikasoma hadithi yangu mwenyewe, huku najifanya kukwamakwama kwenye maneno magumu. Mama akaacha kukunja vitenge. Mama mmoja wa Zambia akauliza bei, akaambiwa angoje kwanza.

Judith anataka Stela auawe, tena polepole. Mama kasema mwanamke anayetikisa kiuno mbele za waume wa watu kajitafutia mwenyewe, asimsumbue Mungu. Mama yangu huyo, anayeombea hata kuku wakiugua!

Judith kasema nina sauti ya redio. Nimepewa kazi: kila sehemu ikitoka, nisome.

Jumanne, 24 Septemba 2024

Maoni ya leo, ili nicheke nikizeeka. Mzee wa kanisa wa Hasamba anasema anasoma ili kuwaonya vijana tu. Wa kwanza kusoma ni yeye, kila siku. Dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya mpakani anaapa anamfahamu Stela, alimnunulia soda, ana mikono laini. Mwongo! Stela nimemzaa mimi, na mikono sijampa bado.

Mwingine anajiita Mahindi Mabichi. Habishani na mtu. Kila sehemu ananiandikia jambo lilelile: "Mtunzi, mpe Stela chakula kabla hajapanda jukwaani. Hakuna anayecheza hivyo akiwa ameshiba." Nikamjibu aandike yake. Kisha nikaliiba wazo. Sehemu ya sita Stela kapanda jukwaani na tumbo tupu, nusura aanguke, watu wakashangilia wakidhani ni mtindo mpya. Wasomaji wamelia! Judith kalia pia, halafu akasema bado afe.

Hapa niseme ukweli, maana hakuna anayesoma. Mambo ya jukwaa mimi siyajui. Nimeyapata kwa Imelda, mchumba wa kaka Edson. Mwezi wa tano tulikuwa tunachambua maharage, wawili tu. Akaniambia baba yake alipofariki alicheza klabu ya Nakonde msimu mmoja wa mvua. Kwamba kabla ya kutoka mbele za watu alikuwa anaimba chinichini alto ya wimbo wa kanisani, ili miguu isitetemeke. Kwamba alimwagikiwa mafuta ya chipsi kwenye kifundo cha mguu huko nyuma ya klabu, na ndiyo sababu hatoki bila soksi. Edson hajui. Imelda alilia. Nikampa ncha ya kitenge changu ajifute.

Nilikuwa nasikiliza kwa masikio mawili, moja la wifi, moja la mtunzi. La mtunzi lilikuwa kubwa zaidi.

Nimetia vyote. Alto, kovu, soksi. Namwonea wivu? Kidogo. Tangu aje, Mama hali mboga bila kumsifu. Ila sikuandika kwa chuki. Niliandika kwa sababu kilikuwa kitamu, na kitamu hakiachwi sahanini. Harusi ni Desemba.

Jumapili, 29 Septemba 2024

Wamemtafuta. Wamempata.

Ilianzia kwenye maoni. Kama ni kisa cha kweli, basi Stela yupo, na kama yupo, yuko wapi? Mmoja akasema kaokoka. Mwingine akasema yuko hapahapa Tunduma, anaimba kwaya. Wa tatu: "Angalieni anayevaa soksi na joto hili." Mpaka Agosti baridi ilimficha. Sasa vumbi, jua, kila mtu na kandambili, Imelda na soksi zake nyeupe.

Ningeweza kuandika mstari mmoja tu: nimebuni. Vidole vilikuwa pale pale. Nikaandika: "Mtunzi hathibitishi wala hakanushi." Wakapagawa!

Leo kanisani wasichana wa kwaya walikuwa wanadondosha vitabu vya nyimbo makusudi, wainame, waangalie miguu. Kabla ya kuingia, kule nyuma, Imelda akaanza kuimba alto chinichini, kama anavyofanya siku zote. Wenzake wakanyamaza mmoja mmoja. Akabaki peke yake. Alipogundua, hakuacha. Alimaliza ubeti.

Nikaja nyumbani nikaandika sehemu ya tisa. Imetoka nzuri.

Jumatatu, 30 Septemba 2024

Judith dukani: ni nani anayetoa siri za Stela kwa muuaji? Mama akajibu bila kuinua macho, kikulacho ki nguoni mwako. Nikaendelea kusoma. Sauti ya redio haikutetemeka hata kidogo.

Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Mama ni mwerevu kuliko muuaji wangu. Hakumuuliza Imelda chochote. Kamwita aje ajaribu viatu vya harusi.

Sebuleni Mama, Shangazi Enesi, Judith na mimi. Juisi mezani, biskuti, kicheko. Viatu vyeupe ndani ya boksi. Shangazi akasema, "Vua soksi, mwanangu, kiatu hakijaribiwi hivyo." Imelda akasema saizi yake anaijua, vitamtosha tu. Shangazi akapiga magoti mwenyewe, mwanamke mwenye presha, akaishika soksi akaivuta kama anachuna kuku.

Kovu lipo. Kubwa kuliko nilivyoliandika. Linang'aa.

Mama akauliza limetokana na nini. Imelda akasema uji, alipokuwa mtoto.

"Uji," Mama akasema. "Au chipsi?"

Judith alicheka mpaka juisi ikamtoka puani. Shangazi akacheka. Nami nilicheka. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye: nilicheka. Imelda alivaa kile kiatu, akasimama, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, kama tulivyomwita afanye. Kilimtosha. Akasema, "Asante, Mama, ni kizuri." Akavua, akakirudisha kwenye boksi, akavaa soksi yake.

Alipoondoka Mama akasema lisemwalo lipo. Edson aliporudi kutoka kazini aliambiwa yote mlangoni, hata kabla ya kunawa. Hakula. Mpaka sasa hajasema neno.

Wasomaji wanadai sehemu ya mwisho. "Auawe, mtunzi, usituangushe." Yule mzee wa Hasamba kaongeza kwamba akipona nitakuwa nimeharibu watoto wa watu. Mahindi Mabichi yuko kimya.

Jumapili, 6 Oktoba 2024

Niko jikoni, nasubiri chai ichemke. Naandika nimesimama.

Sebuleni kuna kikao. Mzee Zabron, mshenga wetu, ametoka Itumba tangu asubuhi. Mama, Shangazi, Edson. Mama anasema posa irudishwe, hataki mcheza uchi azae wajukuu zake. Imelda kaulizwa, kasema ni uji, yeye hajawahi kucheza popote. Mzee Zabron kasema yeye havunji uchumba wa watu kwa kovu. Kovu hata yeye analo. Anachotaka kujua ni kimoja: hiyo habari ya kwenye simu ni ya kweli au mtu kaitunga? Ikiwa ya kutungwa, harusi ipo. Edson akaitika, sauti yake ya kwanza tangu Alhamisi: ikiwa ya kutungwa, anaoa.

Kwa hiyo ni mimi. Nikisema, "Mtunzi ni mimi, nimebuni, kovu nililiona nikaliazima," imekwisha. Anaolewa. Mama atanivunja. Ukurasa utakufa. Watanitukana wao badala ya Stela.

Imelda walimtoa nje wakati wakubwa wanazungumza. Kakaa kwenye ukingo wa baraza, miguu haina kitu. Soksi kaziweka pembeni, kazikunja. Sasa hivi kaingia hapa kuchota maji. Kanywa taratibu. Kisha kasema kwa upole, bila hata kunitazama usoni:

"Habari ya alto sikumwambia mtu mwingine, wifi. Wewe tu."

Nikageuza sufuria ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

"Nilijua ni wewe tangu sehemu ya pili. Nikadhani ukimwandika utamhurumia." Akasuuza kikombe, akakifunika. "Ungempa hata uji, wifi. Si nilikuandikia kila siku?"

Mahindi Mabichi!

Akarudi barazani. Hajaniomba niseme. Afadhali angeomba, ningepata cha kumkatalia. Anaimba kule, chinichini. Naisikia mpaka hapa.

Mama kaniita. Mzee Zabron hana miwani, na habari hiyo anataka kuisikia mwenyewe kwa masikio yake, yote, tangu mwanzo. Mama kamwambia, "Nesta atasoma, ana sauti nzuri." Nilete simu. Niwahi.

Simu ninayo mkononi. Maoni yanaingia moja juu ya jingine: leo, leo, auawe leo. Hawajawahi kuwa wengi hivi. Miguu yangu inatetemeka na mimi wimbo wowote sina.

Na kitu kingine, Mungu anisamehe. Wakati anakifunika kile kikombe nilikuwa tayari nimeshapata mwanzo wa sehemu ya mwisho. "Stela alikaa barazani, miguu mitupu, akiwangoja wamalize." Ni mzuri. Ni mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika, na nikijitaja pale sebuleni sitauweka popote.

Chai imefurika, imezima moto. Mama kaita mara ya pili, sasa kwa jina langu lote.

Nakuja, Mama —