Maji Baridi ya Chini ya Daraja

Baba,

Shikamoo. Mkono umeandika wenyewe kabla sijakumbuka kwamba marahaba haitakuja.

Nimeliona daraja lako. Ofisi ilitupeleka pwani siku tatu, na treni ilipopita Ihumwa nilikuwa tayari sina raha, maana wenzangu walizungumzia kuogelea tu na mimi nilikuwa nakuwaza wewe. Lipo, Baba. Ni fupi kuliko ulivyosema. Magari hayapiti tena, wanapita watu wa kupiga picha. Chini yake wanakodisha maboya na miwani ya kuzamia, na boti inapeleka wageni kwenye matumbawe. Na mimi nilivaa boya, mtu mzima na makalio yangu haya, nikameza maji mpaka nikakohoa. Chumvi tupu. Wenzangu walicheka, mimi nikashindwa kucheka.

Niliikumbuka siku wakwe zangu walipokuja Chemba kuleta posa. Ulifurahi, ukaanza hadithi yako ya ujana, jinsi ulivyobeba mawe mlipokuwa mkilikarabati lile daraja, na jua likiwa kali mnashuka chini yake. "Tulikunywa maji baridi, pale pale baharini, nikashiba." Nami, kwa kimbelembele changu cha chuo, nikakukata mbele ya wageni: "Baba, acha uongo. Maji ya bahari ni chumvi, na wala si ya baridi." Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi. Ukaweka kikombe chini. "Haya mama, wewe ndiye uliyesoma."

Hukuisimulia tena. Miaka tisa, mpaka tukakuzika.

Basi nilipotoka majini koo likiwasha, nikamuuliza mzee wa maboya nitapata wapi maji ya kusukutua. Akasema, "Shuka chini ya daraja, kuna kisima cha maji baridi." Nikamwambia sihitaji ya baridi, yoyote tu. Akanishangaa. "Maji baridi, dada. Yasiyo na chumvi. Sisi huku ndivyo tunavyoyaita."

Yalikuwa ya uvuguvugu, Baba. Nilikunywa viganja viwili, cha tatu kilinishinda, nikakaa kwenye mchanga nikilia na boya langu kiunoni.

Neno ulilipata pale, ukalibeba mpaka kwetu, ambako maji baridi ni yale yaliyokaa mtungini. Tangu darasa la nne nilikuwa nakisahihisha Kiswahili chako, kwa sababu ulimi wako ulizoea Kisandawe, na siku ile wewe ndiye uliyekijua kuliko mimi. Kwa nini hukunijibu? Sentensi moja ingetosha. Ulijua uko sahihi ukaniacha nikuaibishe? Au ulidhani sote tunalielewa neno hilo, na kwamba binti yako amekuita mwongo kwa kusudi? Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Sina wa kumuuliza.

Mavuno yakishaingia, ndugu watakaa tena pale uani, na Shangazi atakuwepo. Nitasimama mbele yao, na mume wangu na wazazi wake nitawaleta. Nitawaambia mwongo hukuwa wewe. Kisha nitaisimulia hadithi yako kwa maneno yako, bila kusahihisha hata moja.

Kwaheri, Baba. Ulikunywa maji baridi. Nimeyaonja.

Binti yako