Mvinyo Nilioutema Simbo

Jumamosi, jioni. Mawingu yametanda upande wa Kongo tangu mchana na ziwa limegeuka kijivu. Upepo unagongagonga bati letu.

Mume wangu (bado nafurahia kuandika maneno haya mawili!), Festo, yuko uani anaanua nguo kabla mvua haijafika. Anaanua hata khanga zangu, huku anaimba. Mwanaume wa hivi ningempata wapi tena? Ndiyo maana naogopa. Nimepewa kitu kizuri mno, na leo huenda nimekitia ufa kwa mdomo wangu, wala sikusema neno baya.

Nilitema.

Fungate letu tulilila Dodoma, kwa rafiki yake mmoja anayelima zabibu na kukamua mvinyo mwekundu. Siku zile zilikuwa tamu kuliko zabibu zenyewe. Rafiki huyo alituketisha chini ya kivuli na kutufundisha: tazama rangi, zungusha glasi, nusa, sukutua, kisha tema kwenye ndoo. "Shemeji, ukimeza kila unachoonja, chupa ya tano utaionja umelala," alisema. Mmoja ulinukia zambarau zilizoiva. Mwingine ulinukia vumbi lililoguswa na mvua. Ule mkavu ulikuwa na ukakasi wa ndizi mbichi, ukanikausha ulimi, lakini Festo aliupenda, nami nikaupenda kwa sababu yake. Tukarudi Kigoma kwa treni na chupa tatu nimezipakata kama mtoto.

Leo tumepeleka mbili kijijini Simbo, kwa wazazi wake. Ni mara yangu ya kwanza kwenda pale nikiwa mke. Nilitaka wajue kijana wao ameoa mtu anayejua mambo.

Festo alikuwa bado nje anasalimiana na majirani. Mimi nikafungua chupa ya ule mkavu, nikawamiminia wote. Nikaomba bakuli tupu. Wote wakanitazama, kila mtu na kikombe chake mkononi, hakuna aliyekunywa. Nikadhani wanasubiri somo! Nikazungusha, nikanusa, nikasukutua kwa madaha yote ya Dodoma.

Nikatema kwenye bakuli.

Baba mkwe akashusha kikombe chake taratibu, akakisukuma chini ya kigoda. Mama mkwe akatazama mlangoni. Shangazi yake Festo ndiye aliyesema:

"Siku hizi mjini wanatuletea vinywaji ambavyo wenyewe hawavimezi."

Hakuna aliyecheka. Festo alipoingia, vikombe vyote vilikuwa chini, vimejaa. Baba mkwe akasema tu, "Tule kwanza, wanangu."

Ni njiani ndipo Festo aliponieleza. Kwao, anayeleta kinywaji ndiye anayetangulia kunywa, mbele ya macho ya watu, na lazima kipite kooni. Ndivyo anavyosema: nimekuja na moyo mweupe, humu hamna sumu. Walikuwa wananisubiri mimi. Nami nikawaonyesha kwamba hakimezeki.

Sikujua. Nimekulia Kasingirima, hapahapa mjini, katika nyumba ambamo haikuingia hata pombe ya ndizi. Nani angenifundisha?

"Ungemeza tu, mke wangu," Festo alisema, akacheka, akanishika mkono. Lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Namjua. Anampenda mama yake kama anavyonipenda mimi, na sitaki siku moja afike mahali pa kutupima nani zaidi.

Sasa hivi wifi Vene, dada yake Festo, amepiga simu.

"Wifi mtema mvinyo, hujambo?"

"Wifi, nihurumie. Mama anasemaje?"

"Anasema kesho akitoka kanisani anakuja kwenu. Anakuja na pombe yake ya ndizi."

Nikauliza, anakuja na yake kwa sababu yangu haaminiki?

Vene akacheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Sikiliza, mkamwana wetu. Amesema ataonja yeye kwanza ndani ya nyumba yako, uone inavyofanywa. Halafu zamu yako, na ile chupa yenu iliyobaki. Sasa weka bakuli uone!"

Nimemwambia Festo. Amenikumbatia na nguo zote alizobeba, nimenusa jua na sabuni. Bado sijui kama nimesamehewa au naitwa kwenye mtihani. Pengine kwa mama mkwe ni kitu kilekile.

Chupa iliyobaki ni ya ule mkavu tena, wenye ukakasi. Nimeiweka mezani. Mabakuli yote nimeyafungia kabatini.

Kesho, mbele ya mama, nitameza.