Jina la Mama Nyokabi

Mjukuu wangu Wambui,

Nilimkosea Mama Nyokabi, mkulima mwenzangu wa Gakindu. Shosho, nyanya yako, anakusalimu, na ng'ombe imezaa. Umeuliza vile tulitengeneza ile programu ya wakulima. Kila mtu aliandika anachojua kuhusu kahawa, na kompyuta ikaunganisha ujuzi huo na jina la mwenyewe, ndio ukiwa na swali ikupeleke kwake.

Mama Nyokabi ndiye alisema tukikata kahawa iliyozeeka ndio ichipuke upya, tuache tawi moja ya kupumulia, shina lisikauke. Nikaandika ujuzi huo kwa programu na kuweka jina langu badala ya lake, nionekane najua.

Programu ikawaleta wakulima wa Wamagana kwangu, wakaniuliza, "Tuache tawi ya upande gani?" Nikabahatisha, na kahawa yao ikakauka. Mama Nyokabi aliposikia, aliniambia tu, "Baba Kamau, si ungewatuma kwangu?"

Jumamosi hii naenda kwake na kompyuta. Nitaandika jina lake akiona, halafu tuwapigie watu wa Wamagana simu, awajibu mwenyewe.

Guka, babu yako