Sauti Iliyobaki Kwenye Kyrie

Chumba cha uani,
nyuma ya duka la dobi.
Jumatatu jioni.

Mpendwa shangazi,

Kabla hata sijakuamkia, acha niutue mzigo huu: ile sauti inayotafutwa kwenye kwaya yetu ni yangu. Sijamwambia mtu. Sasa shikamoo, shangazi. Goti linaendeleaje? Sisi wazima. Baba ana kikohozi kidogo, mama anaongea kama kawaida.

Mimi nimechoka tu. Tangu nimalize shule napiga pasi hapa kwa dobi, mashuka ya hoteli kutwa nzima. Jioni miguu si yangu.

Nikitoka hapo naenda mazoezi ya Misa ya Kilatini, kwenye kwaya yako ileile. Bado anafundisha yule fundi cherehani tunayemwita Sindano. Nilidhani zile noti za mraba za vitabu vya zamani ndizo ngumu, kumbe shida ni pumzi. Hatuna kinanda cha kutufichia makosa, wote tunafuata sauti moja, kwa hiyo kila mtu aibe pumzi wakati jirani yake bado anaimba. “Uzi ni mmoja,” husema Sindano. “Mkiukata wote pamoja nguo inafumuka, na mimi sishoni upya mbele ya altare.”

Jana kwenye Misa tuliukata. Kwenye ule mwisho mrefu wa Kyrie, ile “Bwana utuhurumie” yetu, wote walivuta pumzi kwa pamoja, hata Honi, yule dada mwenye sauti nene anayesimama kando yangu. Mimi nilikuwa nasinzia macho wazi, nikapitwa na mahali pangu pa kupumua. Nikasikia sauti nyembamba ikiendelea peke yake, nikajiuliza, nani huyu jasiri? Kumbe mimi. Kabla sijanyamaza kwa aibu, wenzangu wakawa wamerudi.

Baada ya Misa Sindano akauliza, “Nani aliyeushika uzi?”

Honi akacheka. “Labda malaika, fundi. Mimi nilikuwa karibu kuzimia.”

“Malaika hahitaji mazoezi. Namtaka mwenye mapafu.”

Mimi nikatazama viatu vyangu.

Unajua anamtakia nini. Mwisho wa mwezi ni Misa ya kumwombea marehemu bibi, mama yako, na ule ubeti wa mtu mmoja, uliokuwa wako kabla hujasafiri, hauna mwenyewe. Asipopatikana mtu utasomwa kwa noti moja hadi mwisho. Unakumbuka bibi alivyokuwa akinong’ona wakisoma hivyo, kama mwalimu anayeita majina darasani: “Haya, wanaita mahudhurio.”

Ubeti naujua. Nauimba kwenye pasi, mvuke ukipiga kelele. Lakini nikiwaza shingo zote zikinigeukia, naona heri nijifiche nyuma ya Honi. Na uchovu huu, shangazi! Natamani mtu aniambie, nenda kalale, tumeshapata mwingine.

Hajapatikana mwingine. Kesho nitapita dukani kwa Sindano kabla ya mazoezi, akiwa peke yake na cherehani yake, nimwimbie hapo. Akisema haifai, nitalala. Akisema inafaa, basi, bibi hataitiwa mahudhurio.

Wasalimie binamu zangu wote, na kitinda mimba wako mbebe kidogo kwa niaba yangu. Mungu akupe usingizi mzuri kuliko wangu.

Ila hili libaki letu wawili. Ukimwandikia mama usiliguse. Wifi yako unamjua, mdomo hauna breki, na kwa fundi nataka nifike mwenyewe kabla habari haijafika.

Ni mimi nikupendaye,
mtoto wa kaka yako